Sinema ya Uani: Mwongozo Kamili wa Kurudisha Vichekesho vya Utotoni Mbele ya Familia Nzima

Kila Desemba barabara ya Dar es Salaam kwenda Moshi hujaa mabasi na magari madogo ya watu wanaorudi nyumbani. Machame, Kibosho, Marangu, Rombo, na kwa upande wa Arusha kule Ngaramtoni na Usa River, nyumba iliyokaliwa na wazee wawili mwaka mzima hupokea watu 20 au 30 kwa wiki moja. Mchana kuna ndizi za kumenya na mbuzi wa kuchinja. Jioni, baada ya kula, kila mmoja huinamia simu yake.

Mwongozo huu ni wa jioni moja kati ya hizo. Unaeleza jinsi ya kuzipata filamu na vipindi vya kuchekesha ambavyo familia yako ilikua navyo, kuokoa vilivyobaki kwenye mikanda na sidii ndani ya kabati, kisha kuvionyesha uani kwenye kitambaa cheupe, bibi na wajukuu wakiwa kundi moja.

Kwa nini uani na si kwenye simu? Kwa sababu kichekesho ulichokiona utotoni hukukiona peke yako. Ulikiona kwenye banda umiza, lile banda la video la mtaani, kule Majengo au Ngarenaro, umebanwa kwenye benchi na watu usiowajua. Au ulikiona kwa jirani aliyeruhusu watoto wa mtaa mzima waketi sakafuni mbele ya TV ya chogo. Ukiitafuta filamu hiyo leo na kuiangalia peke yako usiku, utashangaa kwa nini haichekeshi kama zamani. Filamu ni ileile. Kinachokosekana ni wale watu. Kila ushauri ulio hapa chini nimeupima kwa jambo hilo moja.

Anza Oktoba. Kuokoa mikanda huchukua muda mrefu kuliko watu wanavyodhani.

Hatua ya kwanza: kusanya kumbukumbu kabla ya kutafuta filamu

Andika kwenye kundi la familia la WhatsApp, na wazee wasiotumia WhatsApp wapigie simu mmoja mmoja. Uliza maswali matatu: uliiona wapi, ulikuwa na nani, na ni tukio gani linalokuchekesha mpaka leo. Jina la filamu usilidai. Wengi hawakulijua hata siku ile walipoiona.

Majibu yatajipanga kwa umri. Wazee waliokulia mjini watakutajia ukumbi wa Plaza wa Moshi, au Metropole na Elite za Arusha, na filamu za Kihindi zenye mapumziko katikati. Waliokulia vijijini watataja gari la sinema lililofika jioni, likatandaza kitambaa cheupe uwanjani na kuwasha jenereta. Ukimpata mzee anayekumbuka *Muhogo Mchungu*, filamu ya Tanganyika ya mwanzoni mwa miaka ya 1950, mkalishe azungumze kwa kirefu: mwigizaji mkuu alikuwa Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa nchi hii. Vijana wengi hawajawahi kusikia kwamba mwanasiasa yule aliwahi kuwachekesha watu kwenye sinema.

Wa miaka ya kati ni watu wa mikanda. Tanzania Bara haikuwa na kituo chake cha televisheni hadi 1994, ITV ilipoanza kurusha matangazo, kwa hiyo mwenye TV na deki aliangalia mikanda, au alinyanyua antena ndefu kujaribu kunasa mawimbi ya Kenya. Hawa watakutajia Bud Spencer na Terence Hill, Jackie Chan wa ulevi na vurugu, na labda *Vitimbi* na Mzee Ojwang. Walio chini yao watasema Mr. Bean, Aki na Ukwa, Mzee Small, King Majuto, na *Ze Comedy* ya EATV, wakati Joti, Masanja na Mpoki walipokuwa wanasimamisha shughuli za mtaa kwa nusu saa.

Kisha inakuja kazi ya upelelezi, na hii naipenda kuliko zote. Utapewa vipande tu, na kutoka kwenye vipande hivyo utambue filamu. Baadhi ya vipande hurudi mara kwa mara, basi nakupa majibu yake.

Mtu mwenye miwani ya duara anayening'inia kwenye mshale wa saa kubwa juu ya ghorofa ni Harold Lloyd katika *Safety Last!* ya 1923. Ukuta mzima wa nyumba unaomwangukia mtu naye akabaki amesimama kwa sababu dirisha lilipita pale alipo ni Buster Keaton katika *Steamboat Bill, Jr.* ya 1928. Ukuta ule ulikuwa wa kweli na Keaton alisimama chini yake mwenyewe. Anayechemsha kiatu na kukila kwa uma na kisu ni Charlie Chaplin, *The Gold Rush*, 1925. Anayemezwa na magurudumu ya mashine kiwandani ni Chaplin tena, *Modern Times*, 1936. Yule mwembamba na yule bonge wanaopandisha piano kwenye ngazi ndefu, inawaponyoka, wanaanza upya, ni Stan Laurel na Oliver Hardy katika *The Music Box* ya 1932. Chupa ya soda iliyoanguka kutoka kwenye ndege ni *The Gods Must Be Crazy* ya 1980. Bata mzinga aliyekwama kichwani ni Mr. Bean, kipindi cha Krismasi cha 1992, na kwa Desemba hakuna chaguo linalofaa zaidi.

Kama kipande ulichopewa hakimo hapa, uliza kama ilikuwa ya rangi au nyeusi na nyeupe, watu walizungumza lugha gani, na kama kulikuwa na mtafsiri juu ya sauti. Majibu hayo matatu yanapunguza msitu kuwa shamba dogo.

Hatua ya pili: okoa mikanda iliyo ndani ya nyumba

Kabla ya kwenda mtandaoni, fungua kabati. Nyumba nyingi za Moshi na Arusha zilizokuwa na deki miaka ya 1990 bado zina boksi la mikanda ya VHS juu ya dari au chini ya kitanda. Humo kuna filamu, lakini pia kuna vipindi vilivyorekodiwa kutoka ITV, matangazo ya biashara yakiwa katikati, na mara nyingine harusi au kipaimara cha mtu. Kipindi kilichorekodiwa nyumbani kinaweza kuwa hakipo popote pengine duniani. Hicho ndicho cha kuokoa kwanza. Filamu ya Hollywood utaipata mahali pengine, na katika ubora ulio juu zaidi.

Haraka inahitajika. Mfumo wa VHS ulitoka Japani 1976, na kampuni ya mwisho iliyokuwa bado inatengeneza deki, Funai, ilisimamisha uzalishaji Julai 2016. Kila deki inayokufa Arusha leo haiji nyingine mpya. Mikanda yenyewe nayo inachoka kwa joto, vumbi na unyevu.

Kagua kila mkanda kabla haujaingia kwenye deki. Inua kifuniko cha mbele na uangalie utepe kwenye mwanga wa jua. Ukiona unga mweupe au madoadoa kwenye mzunguko wa utepe, hiyo ni ukungu. Nyumba za mlimani zenye baridi na unyevu zinaujua sana. Mkanda wa namna hiyo usiuchezeshe: ukungu utahamia kwenye kichwa cha deki na kutoka hapo kwenye mikanda yako yote mizuri. Uweke kwenye mfuko wake, mbali na mingine, hadi umpate fundi anayejua kuusafisha. Mkanda msafi uangalie pia kile kipande kidogo cha plastiki kilicho mgongoni mwake, kwenye kona. Kama bado kipo, kivunje. Kikishavunjika deki haiwezi kurekodi juu yake hata mtoto akibonyeza kitufe chekundu.

Deki utaipata wapi? Uliza kwanza kwa ndugu. Nyingi zimefunikwa kitambaa cha kudarizi na hazijaguswa tangu sidii zilipoingia. Ukikosa, tembelea mafundi wa redio na televisheni, maana wengi wana deki zilizoachwa na wateja. Usilipe kabla hujaijaribu kwa mkanda usio na thamani, kwa dakika 10 angalau, ukaona inarudisha nyuma, inapeleka mbele na inautoa mkanda bila kuutafuna.

Picha ikiwa na mistari ya chenga, kichwa cha deki kimechafuka. Kusafisha kunahitaji utulivu. Chomoa umeme, fungua kifuniko cha juu, lowesha kipande cha ngozi laini au kitambaa kisichoacha nyuzi kwa spiriti safi, kigusishe kwenye ngoma inayong'aa bila kukisogeza, kisha zungusha ngoma yenyewe kwa kidole taratibu. Usisugue juu na chini hata mara moja. Utavunja vichwa vidogo vilivyomo pembeni mwa ngoma na deki itakuwa imekwisha. Pamba za masikio nazo ziache, nyuzi zake hunasa. Subiri spiriti ikauke kabisa kabla ya kuwasha.

Sasa kunasa. Unahitaji kompyuta ya mpakato, kifaa kidogo cha USB cha kunasia video, na waya wenye vichwa vitatu: njano kwa picha, mweupe na mwekundu kwa sauti. Upande mmoja unaingia nyuma ya deki penye matokeo, upande wa pili kwenye kifaa. Programu ya OBS Studio ni ya bure na inatosha. Weka mfumo wa PAL, ndio uliotumika Tanzania. Ukiweka NTSC picha itaruka au itakosa rangi. Umbo la picha liwe nne kwa tatu.

Peleka mkanda mbele hadi mwisho na uurudishe hadi mwanzo kabla ya kuanza, ili utepe ujinyooshe baada ya miaka ya kulala. Halafu anza kurekodi kwenye kompyuta *kabla* ya kubonyeza deki, tangu mchezo wa kwanza kabisa. Mkanda mzee unaweza kukubali mara moja tu. Hakuna njia ya mkato kwenye muda: mkanda wa E-180 una saa 3, na utakaa saa 3. Kwa kasi ya megabiti 3 kwa sekunde, ambayo inatosha kwa ubora wa VHS, kila saa itachukua gigabaiti 1.35 hivi. Hesabu nafasi yako mapema.

Usikate matangazo ya biashara yaliyomo katikati. Najua yanakera wakati wa kunasa, lakini uani yatapigiwa makofi kuliko filamu. Watu wa miaka 40 wataimba wimbo wa sabuni neno kwa neno mbele ya watoto wao, na watoto hawataamini macho yao.

Hatua ya tatu: sidii na DVD

Hapa kazi ni nyepesi. Sidii za filamu za miaka ya 2000, zile zinazokuja mbili mbili kwa sababu moja inabeba dakika 74 hadi 80 tu, hazihitaji deki. Ziingize kwenye kompyuta, fungua folda iitwayo MPEGAV, na ndani utakuta faili lenye mwisho wa .DAT. Linakili na ulifungue kwa programu ya VLC. Ndilo filamu lenyewe. Vichekesho vingi vya Majuto na Mzee Small vilisambazwa kwa njia hii.

Sidii chafu ioshe kwa maji ya uvuguvugu na tone la sabuni, futa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka, usizungushe. Mikwaruzo ya upande unaong'aa mara nyingi inasomeka. Inayoua ni ya upande wa picha na maandishi, maana taarifa zimelala chini ya rangi hiyo kabisa.

Hatua ya nne: pata usichonacho, kwa njia ya haki

Filamu zilizotoka Marekani kabla ya 1930 muda wake wa hakimiliki kule umekwisha. Hilo linakupa vichekesho vya kimya karibu vyote vikubwa: Chaplin wa mwanzo, Keaton, Lloyd. Vinapatikana bure kwenye Internet Archive, maktaba ya mtandaoni. Angalia mambo mawili. *The Gold Rush* ina toleo la 1925 na toleo la 1942 ambalo Chaplin aliliongezea sauti ya msimulizi. Lililo huru ni la 1925. Na muziki mpya uliowekwa juu ya filamu ya zamani unaweza kuwa na mwenyewe hata kama filamu haina.

Jambo jingine la kiufundi ambalo waonyeshaji wengi wanalipuuza: filamu nyingi za kimya zilipigwa kwa kasi ndogo kuliko fremu 24 kwa sekunde za leo. Nakala ikichezeshwa kwa 24 bila kurekebishwa, watu wanatembea kama wamechomwa na siafu, na ufundi wa Chaplin unapotea. Linganisha nakala mbili tatu na uchague ile ambayo mtu anatembea kama mtu.

Vichekesho vyetu tafuta kwanza kwenye chaneli za wasanii wenyewe na vituo vya televisheni. King Majuto alifariki Agosti 2018, na wasanii wengi wa rika lake hawakupata walichostahili kutokana na kazi ambazo nchi nzima ilizicheka. Ukikuta familia au kampuni halali inauza kazi hizo, nunua. Pia ujue mpaka wa sheria: kuonyesha nyumbani kwa ndugu zako ni jambo moja, kuweka kiingilio au kutangaza mtaani ni jingine. Hapo unaingia kwenye eneo la COSOTA kwa upande wa hakimiliki na Bodi ya Filamu kwa upande wa vibali, na unapaswa kwenda kuwauliza kabla hujafunga kitambaa.

Hatua ya tano: panga usiku wenyewe

Angalia kila kitu wewe mwenyewe, mwanzo hadi mwisho, kabla ya siku. Baadhi ya filamu na katuni za zamani za Marekani zina mizaha inayowadhalilisha watu weusi: uso uliopakwa masizi, mfanyakazi wa ndani anayechorwa kwa dharau. Hata *Tom and Jerry*, iliyoanza 1940, ina vipande vya namna hiyo. Vitoe. Mtoto aliyekuja kucheka asikutane na tusi.

*The Gods Must Be Crazy* inahitaji uamuzi wako. Ilitengenezwa Afrika Kusini wakati wa ubaguzi wa rangi, na inawaonyesha Wasan, wenyeji wa Kalahari, kama watu wasiojua kabisa kwamba kuna dunia nyingine, jambo lisilo kweli. Wakati huohuo N!xau, mwigizaji wake mkuu aliyetoka Namibia, ni mmoja wa waigizaji wapendwa zaidi kuwahi kuonekana kwenye mabanda yetu. Mimi ningeionyesha, na kesho yake asubuhi kwenye chai ningezungumza na vijana kuhusu nani aliitengeneza na kwa nini.

Muda usizidi saa 2 na nusu pamoja na mapumziko. Anza na katuni moja au mbili za dakika 7 wakati watu bado wanatafuta viti. Kisha weka kichekesho kifupi cha kimya. *The Rink* ya 1916 na *Easy Street* ya 1917 za Chaplin zina kama dakika 25 kila moja na hazimhitaji mtu kujua lugha yoyote. Bibi anayezungumza Kichaga tu na mjukuu aliyezaliwa ughaibuni wanacheka sekunde ileile. Hakuna aina nyingine ya filamu inayofanya hivyo.

Baada ya hapo weka kile kilichotajwa na watu wengi zaidi ulipokusanya kumbukumbu. Usikiache mwisho. Wazee wanasinzia, watoto wadogo wanabebwa kwenda kulala, na itakuwa uchungu kufika kwenye kipande kinachosubiriwa huku nusu ya watu hawapo. Mapumziko yaje baada yake, watu wakiwa na la kuzungumza. Kipindi cha pili kiwe filamu moja ndefu kwa watakaobaki: *Safety Last!* ina dakika 70 na kidogo, *Sherlock Jr.* ya Keaton ya 1924 ina 45 tu. Kama ndugu zako ni watu wa Bud Spencer, wape Bud Spencer, na waambie kwamba jina lake halisi ni Carlo Pedersoli na kwamba aliogelea kwa niaba ya Italia kwenye Olimpiki za 1952 na 1956. Ngumi zile zilikuwa na mabega ya kweli nyuma yake.

Hatua ya sita: kitambaa, mwanga, sauti, umeme

Projekta inakodishwa mjini kwa watu wa harusi na semina. Uliza mwanga wake kwa kipimo cha ANSI lumens, kwa sababu namba kubwa zinazoandikwa kwenye boksi mara nyingi si hizo. Kwa picha yenye upana wa mita 2 hadi 2.5 kwenye giza kamili, ANSI 500 zinatosha familia. Ukikosa projekta, TV kubwa ikitolewa barazani itawafaa watu 10 au 15, na jioni bado itakuwa njema.

Ukuta uliopakwa chokaa nyeupe ni bora kuliko shuka. Kama ni shuka, likunje mara mbili ili mwanga usipite, livute kwa kamba pembe zote nne, na upande wa chini pitisha mti au bomba zito, maana upepo wa mlimani jioni haukosi. Ukingo wa chini wa picha uwe mita 1 kutoka ardhini. Weka umbo la nne kwa tatu kwa filamu za zamani. Projekta nyingi hutanua picha zenyewe na kuwafanya watu wote wanene, na kwa Laurel na Hardy unakuwa umeharibu kichekesho chote.

Desemba jua linazama huku kwetu karibu saa 12:40 jioni, na kufikia saa 1:15 giza limeshaingia. Zima taa za ulinzi na umwombe jirani naye azime ya kwake. Bora zaidi, mwalike.

Sauti ndiyo ninayoisisitiza kuliko picha. Tumia sabufa au spika iliyounganishwa kwa waya, na uiweke karibu na kitambaa, si karibu na projekta. Bluetooth huchelewesha sauti kidogo. Kwenye filamu ya mapenzi hakuna atakayegundua, lakini kichekesho kinaishi kwa sehemu ya sekunde: kofi likionekana kwanza na mlio ukaja baadaye, kicheko kinakufa.

Umeme: projekta ndogo, kompyuta na spika kwa pamoja hazifiki wati 300. Hakikisha LUKU ina yuniti, na jenereta ya kilowati 1 iwe imejaribiwa mchana. Iwekwe nyuma ya nyumba, mbali na watu, moshi wake ukielekea nje. Kamwe isiwekwe ndani ya chumba au banda lililofungwa, gesi iliyomo kwenye moshi huo inaua bila harufu ya kukuonya. Mvua ikinyesha, na mlimani Desemba inaweza, hamia sebuleni au chini ya turubai. Panga hilo mapema ili usilifikirie ukiwa umelowa.

Watoto wakae mbele kwenye mikeka, wazee nyuma yao kwenye viti vyenye egemeo wakiwa na mashuka mazito, vijana watasimama wanapotaka. Bisi, karanga, chai ya tangawizi. Mtori kwa atakayeutaka wakati wa mapumziko.

Hatua ya saba: mtafsiri

Kila familia ina mjomba au shangazi mwenye sauti na maneno. Mpe kipaza sauti. Waliopita kwenye mabanda umiza wanamkumbuka Lufufu, ambaye sauti yake juu ya filamu za kigeni ilikuwa sababu ya watu wengi kulipa kiingilio. Alitafsiri, akaongeza, akawapa wahusika majina na tabia ambazo mtunzi hakuzifikiria. Huo ni ufundi wetu na haupaswi kuishia kwenye kumbukumbu.

Mpe mtafsiri wako filamu wiki moja kabla. Filamu za kimya zina maandishi kati ya picha. Ayasome kwa Kiswahili, na Kichaga au Kimeru kwa ajili ya bibi. Mwelekeze mambo mawili tu: wakati wa tukio kubwa la kuchekesha anyamaze, na asitangulie kusema kitakachotokea. Mengine yote muachie. Akimwita Chaplin kwa jina la fundi wa kijijini anayejulikana na wote, uani patalipuka, na hilo ndilo ulilolikusanyia watu.

Hatua ya nane: baada ya usiku

Wakati wa mapumziko, au asubuhi inayofuata, washa kinasa sauti cha simu na umwombe mzee mmoja asimulie alivyokwenda Plaza au Metropole: alivaa nini, alilipa vipi, alirudi saa ngapi, nani alimkataza. Dakika 15 zinatosha. Sauti hiyo iweke kwenye folda moja na filamu.

Mafaili uliyonasa yawe na nakala tatu: diski yako ya nje, diski ya ndugu anayeishi mji mwingine, na hifadhi ya mtandaoni. Diski zipange kwa mfumo wa exFAT, kwa sababu FAT32 haipokei faili linalozidi gigabaiti 4. Kila faili lipewe jina linaloeleweka na mtu asiyekuwepo: mwaka, kipindi, mkanda ulikuwa wa nani. Mikanda yenyewe usiitupe hata baada ya kuinasa. Irudishe mwanzo, isimamishe wima kama vitabu, mbali na spika na jiko, na boksi liandikwe nje kwa kalamu isiyofutika ni ipi iliyokwisha kunaswa na ipi bado inasubiri fundi wa ukungu.